Sikujikaza, Nilishikwa Mkono

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote nilipokuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu ulikuwa nijikaze. Nilipokosa kazi niliambiwa nijikaze. Baba alipofariki niliambiwa nijikaze, na safari hiyo wakaongeza kwamba mimi ndiye mkubwa na wadogo zangu wananitazama. Uchumba ulipovunjika niliambiwa nijikaze tu, wako wengi. Walioniambia hivyo walinipenda, sina shaka nalo. Lakini nikitazama nyuma, sioni mahali hata pamoja ambapo kujikaza ndiko kulinivusha. Nilivushwa na watu waliokataa kuniacha, na vijishughuli vidogo vya kila siku, na elimu kidogo kuhusu jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi ikibanwa, na mwishowe mtaalamu. Naandika kwa ajili ya kijana aliye katikati ya kipindi kama kile sasa hivi, anayejiona dhaifu kwa sababu kujikaza kumemshinda.

Mambo yenyewe yalikuja kwa kufuatana, kila moja likinikuta sijamaliza lililotangulia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mkataba. Wakubwa walituahidi kwa mdomo kwamba mikataba itaongezwa; siku zilipokwisha ikaja barua fupi isiyo na sababu. Nikaanza kutuma maombi ya kazi. Anayejua hali hiyo ataelewa nikisema kwamba kukataliwa si kubaya sana, kwa kuwa aliyekukataa angalau amekujibu. Kinachomla mtu ni ukimya. Unatuma, unasubiri, hakuna anayesema ndiyo wala hapana, mpaka unaanza kujiuliza kama kweli upo. Katikati ya ukimya huo baba akaugua, akafariki. Na mtu niliyepanga kuishi naye akaniambia kwa upole, bila ugomvi wowote, kwamba hawezi kuendelea.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Nilikuwa nalala mwili ukiwa umechoka kabisa, kisha saa tisa au saa kumi nashtuka moyo unadunda kama nimefukuzwa. Tumbo halikutulia. Nilisahau vitu vya wazi, mpaka nikawa naogopa kwamba nina ugonjwa mkubwa. Nilikwenda kupimwa, vipimo vikaonyesha sina kitu, na badala ya kufarijika nikaona aibu, kana kwamba nilikuwa najifanya mgonjwa. Laiti mtu angenieleza siku ile kwamba sikuwa najifanya! Tangu mwaka 1936, Hans Selye alipoandika juu ya namna mwili unavyoitikia mashinikizo ya aina zote kwa mpangilio unaofanana, sayansi imeendelea kuonyesha kwamba msongo ni jambo la mwili kama ulivyo la mawazo. Tishio likitokea, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usagaji wa chakula unapunguzwa ili nguvu ziende panapohitajika. Kwa dakika chache, huo ni msaada mkubwa. Lakini tishio lisilo na mwisho, kama kutojua utaishije mwakani, huuacha mwili katika hali ya tahadhari kwa miezi, na hapo usingizi, kumbukumbu na tumbo vyote huvurugika. Niliposomewa maelezo hayo na mshauri wangu baadaye, nililia. Kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinanitokea kilikuwa na maelezo, na maelezo hayo hayakuwa kwamba mimi ni mzembe au sina imani.

Jambo jingine lililonitua mzigo ni kujua kwamba umri wenyewe una uzito wake. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett aliandika mwaka 2000 kwamba miaka kuanzia 18 hadi 25 hivi ni kipindi cha pekee: mtu si mtoto tena, wala hajashika hatamu za utu uzima, na karibu kila kitu chake, kuanzia kazi, mapenzi, makazi, hata imani, kinabadilika kwa wakati mmoja. Na uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 na Ronald Kessler na wenzake ulionyesha kwamba kati ya watu wanaopata matatizo ya afya ya akili maishani, nusu huanza kuyaona kabla ya kupita umri wa miaka 14, na robo tatu kabla ya kupita 24. Kwa hiyo kijana anayeyumba katika umri huo hajatoka nje ya mstari wa binadamu. Yuko mahali ambapo wengi huyumbia, ila kila mmoja anayumba akiwa amefunga mlango.

Nami nilikuwa nimefunga. Simu nilikuwa naiona inaita mpaka inakata. Nilisoma ujumbe wa watu bila kujibu, maana kila mmoja aliuliza "vipi, umepata?" nami sikuwa nimepata.

Aliyevunja mlango huo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Naye alikuwa amefiwa, mtu asisahau. Alikuwa amempoteza kaka. Alianza kunipigia kila jioni, wakati uleule. Nisipopokea alipiga tena baada ya muda, bila kulalamika kwamba sikupokea. Na hakuwa ananiuliza ninaendeleaje, swali ambalo nilikuwa na jibu lake la uongo tayari. Alikuwa anauliza vitu vyenye jibu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo umekula?"

"Nimekula."

"Umekula saa ngapi?"

Hapo nikawa sina la kusema, kwani sikuwa nimekula.

"Haya, inuka sasa hivi, mimi nasubiri kwenye simu."

Na kweli alisubiri. Nilikuwa namsikia anapumua, anamsemesha mtu nyumbani kwake, anaosha vyombo, mimi huku ninajipakulia. Akishasikia natafuna anaanza kunisimulia mambo ya siku yake, ya kawaida kabisa. Hakuwahi kunipa hotuba. Siku nyingine aliuliza kama nimetoka nje; nikisema bado, anasema, "Basi toka ukasimame hapo mlangoni, uniambie hali ya hewa ikoje." Nikasimama mlangoni nikamwambia.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba alichokifanya shangazi, mwanamke ambaye hajawahi kufungua kitabu cha saikolojia, ndicho hasa ambacho utafiti wa miaka mingi umekikuta. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa kisiwani mwaka 1955, watoto 698, tangu kabla hawajazaliwa hadi utu uzima wao. Kiasi cha watoto 210 kati yao walizaliwa na kulelewa katika mazingira yenye hatari nyingi kwa mpigo: umaskini, ulevi wa mzazi, ugomvi nyumbani, ugonjwa wa akili katika familia. Wengi wa watoto hao walipata matatizo makubwa walipokua. Lakini karibu theluthi moja wakakua watu wazima wenye kujiamini, wenye kazi na mahusiano mema. Watafiti walipotafuta tofauti iko wapi, jambo mojawapo lililojirudia lilikuwa hili: mtoto alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemjali bila kuchoka, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Ann Masten naye, baada ya miaka mingi ya kuchunguza watoto waliopitia magumu, aliandika mwaka 2001 kwamba ustahimilivu hautokani na vipaji vya ajabu walivyo navyo watu wachache. Unatokana na mambo ya kawaida ambayo binadamu wote wanayo au wanaweza kupewa: uhusiano na watu wanaowajali, akili inayofanya kazi vizuri, uwezo wa kujitawala, tumaini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana wengi niliozungumza nao wanadhani ustahimilivu ni kitu ambacho ama unacho ama huna, kama urefu wa kimo. Mtu anavunjika anasema, "Kumbe mimi sina." Hapana. Huenda umekuwa peke yako muda mrefu mno, hilo tu, na hakuna binadamu aliyeumbwa aweze hivyo.

Shangazi ndiye aliyeniambia niende kwa mshauri nasaha. Aliyekuwa amepata msaada hapo ni mtoto wa rafiki yake. Nilikwenda nikiwa na mashaka makubwa, nikidhani nitaulizwa kuhusu utoto wangu au nitaambiwa nifikirie mambo mazuri. Yule mama, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza: "Katika haya yote uliyonieleza, ni lipi ambalo kesho asubuhi liko mikononi mwako?" Nilikaa kimya muda mrefu. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hilo ndilo tutakaloanza nalo."

Alinieleza juu ya majaribio ya Martin Seligman na Steven Maier ya mwaka 1967. Mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuweza kuzizuia kwa namna yoyote, baadaye walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuzikimbia kwa kuruka kizuizi kifupi, wengi wao hawakujaribu. Walilala chini wakavumilia. Ni majaribio ya kikatili, na nilimwambia hivyo. Lakini nilijiona mle ndani: maombi mengi yasiyojibiwa yalikuwa yamenilaza chini, na hata pale ambapo kulikuwa na upenyo sikuwa nauangalia tena. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba watu walewale wawili, karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 2016, waliandika kwamba nadharia yao ya mwanzo ilikuwa imegeuka juu chini. Utafiti wa ubongo ulikuwa umeonyesha kwamba kulala chini ndilo itikio la asili la kiumbe anayeumizwa kwa muda mrefu. Hilo mtu hafundishwi. Kinachofundishwa ni kutambua kwamba kuna kitu ninachokifanya kikaleta tofauti, na ubongo ukishalipata fundisho hilo, unaizima hali ya kulala chini.

Fikiri maana yake kwa kijana aliye kitandani saa sita mchana akijiita mvivu. Mwili wake unafanya kile ambacho viumbe hufanya wakizidiwa. Na njia ya kutoka haianzii kwenye kujilaumu, bali kwenye jambo dogo, hata dogo kiasi cha kuonekana la kitoto, ambalo akilifanya litafanyika.

Basi tukaanza na daftari. Kila jioni niliandika mambo matatu ya kesho, na sharti lilikuwa kwamba kila jambo liwe chini ya uwezo wangu kabisa. "Pata kazi" halikuruhusiwa, maana kazi inatoka kwa mwingine. "Tuma ombi moja kabla ya saa nne" liliruhusiwa. Ukurasa wa kwanza, ambao ninao mpaka leo, una mwandiko mbaya na umeandikwa: kunja nguo zilizo kitini, oga kabla ya saa tatu, tembea mpaka mwisho wa barabara urudi. Nguo zile zilikuwa zimekaa kitini kwa wiki kadhaa, nilikuwa nazihamishia kitandani mchana na kuzirudisha usiku. Nilizikunja asubuhi ile. Sikujisikia vizuri hata kidogo, na mshauri alikuwa ameshanionya kwamba sitajisikia vizuri. "Usisubiri hamu," alisema. "Wewe fanya, hamu itakuja nyuma."

Mbinu hiyo ina historia ndefu katika tiba. Peter Lewinsohn tangu miaka ya 1970 alieleza kwamba mtu mwenye sonona huacha shughuli, na kuacha shughuli humnyima yale yanayompa furaha na maana, kisha sonona inazidi, naye anaacha zaidi. Neil Jacobson na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba kumrudisha mtu kwenye shughuli hatua kwa hatua, bila hata kushughulika na mawazo yake, kulisaidia sawa na tiba kamili iliyokuwa ikigusa shughuli na mawazo pamoja. Kwangu, siku ambayo niliona tofauti haikuwa siku kubwa. Nilikuwa natembea, nikagundua nimefika mbali kuliko mwisho wa barabara na sikuwa nimeliwazia lile neno "umepata?" hata mara moja.

Mawazo hayo ya kujirudia nataka niyaseme kidogo, kwa sababu yanadanganya. Yanajifanya ni kufikiri. Saa tisa usiku nilikuwa nashika simu, natazama picha za tuliosoma pamoja, huyu kaoa, yule kahamishiwa kazini nje, kisha narudi kwenye barua ile fupi na kujiuliza kwa nini mimi, nilikosa nini, kwa nini hawakusema. Susan Nolen-Hoeksema, aliyelichunguza jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, alionyesha kwamba watu wanaotafunatafuna uchungu wao kwa namna hiyo hukaa na sonona muda mrefu zaidi, na hata uwezo wao wa kutatua matatizo hupungua. Ishara ya kujua ni rahisi: kufikiri kwa kweli kunaishia kwenye hatua, hata ndogo. Kutafunatafuna kunaishia pale pale kulipoanzia, isipokuwa umechoka zaidi.

Na kuna kutafunatafuna kwa watu wawili. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa katika hali kama yangu, tukipigiana simu usiku wa manane tukirudia mambo yaleyale: walivyotutendea, hakuna haki, hakuna mbele. Tulipendana sana kwa hilo. Lakini kila tulipokata simu nilikuwa chini kuliko tulipoanza. Amanda Rose aliandika mwaka 2002 kuhusu hali hiyo kwa watoto na vijana: mazungumzo ya kurudia tatizo bila kikomo huimarisha urafiki na papo hapo huenda pamoja na huzuni na wasiwasi zaidi. Sikuachana na rafiki yangu. Tulikubaliana kwamba tutalalamika kwanza, kwa moyo wote, kisha mmoja aseme "haya, kesho?" na kuanzia hapo tuzungumzie kesho tu. Baadaye tukaanza kukaa pamoja mchana kujaza fomu za kazi, kila mmoja akimsomea mwenzake barua yake kwa sauti. Barua zetu zikawa bora, kwa sababu yeye alikuwa anaona sifa zangu ambazo mimi nilikuwa nimeacha kuziona.

Kuandika pia kulinisaidia, ingawa si kwa wote. James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 jaribio ambalo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote. Baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata wale walioandika tukio na hisia zake pamoja walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata zimepata manufaa ya wastani, pengine madogo. Mimi niliandika kuhusu chumba cha hospitali, kuhusu mikono ya baba ilivyokuwa imepungua, kuhusu neno aliloniambia ambalo nilijifanya sikulisikia kwa sababu sikutaka liwe la mwisho. Yalipokaa kwenye karatasi yaliacha kunizunguka.

Kuhusu msiba, kuna jambo moja ambalo lilinitesa kuliko hata kumkosa baba. Siku chache baada ya mazishi, mdogo wangu aliigiza jinsi baba alivyokuwa akitafuta miwani yake huku ameivaa kichwani, nasi wote tukacheka mpaka machozi. Mtu mzima mmoja akatutazama kwa jicho kali. Nilibeba jicho lile kwa muda mrefu, nikijiuliza kama nilimpenda baba kweli. Mpaka nilipoelezwa kuhusu George Bonanno, ambaye amefuatilia waliofiwa kwa miaka mingi. Katika makala yake ya mwaka 2004 alieleza kwamba watu wengi waliopatwa na msiba au tukio zito huendelea na maisha yao kwa uthabiti bila kuporomoka, na kwamba uthabiti huo si dalili ya moyo mgumu wala huzuni iliyofichwa. Kabla ya hapo, mwaka 1997, yeye na Dacher Keltner walikuwa wameonyesha kwamba wafiwa waliocheka kicheko cha dhati walipomzungumzia marehemu walikuwa na dhiki kidogo kuliko wengine, na mahusiano mazuri zaidi. Nilimsomea mdogo wangu maelezo hayo. Akasema, "Kumbe baba alikuwa anatutibu." Tangu siku hiyo tunasimulia ya miwani bila woga.

Sasa nifike kwenye jambo zito, ambalo nimesita kuliandika lakini nadhani ndilo linalonifanya niandike. Kuna kipindi nilitamani nisiamke. Sikuwa na mpango, nilitamani tu iishe. Sikumwambia mtu. Rafiki yangu yule wa fomu aliona kitu, sijui nini, pengine namna nilivyoanza kugawa vitabu vyangu. Akaniuliza ana kwa ana, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Hakuzungukazunguka, hakusema "usije ukafanya ujinga." Aliuliza. Nami nikajibu ndiyo, wakati mwingine. Hakushtuka, au kama alishtuka hakunionyesha. Alikaa. Usiku ule hakuondoka, na kesho yake akanisindikiza kwa mshauri wangu, akangoja nje mpaka nikatoka.

Wengi wanaogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Kuuliza kwa uwazi hakuongezi hatari, na kwa wengi hupunguza dhiki, kwani kitu kilichokuwa siri ya kutisha kimekuwa neno ambalo watu wawili wanaweza kulizungumza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa walio kati ya miaka 15 na 29 ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Hao ni rika letu. Ukiona mwenzako amebadilika ghafla, anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, anasema yeye ni mzigo, muulize. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mpeleke kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo. Na ikiwa ni wewe unayesoma haya ukiwa katika hali hiyo, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa ujumbe wa maneno manne.

Nina ugomvi na namna ustahimilivu unavyohubiriwa kwa vijana. Kijana aliyesoma akakosa kazi miaka na miaka anaitwa kwenye semina, anafundishwa kupumua na kuwa na mtazamo chanya, kisha anarudi kwenye hali ileile. Kupumua kunasaidia, mimi mwenyewe napumua. Lakini kumfundisha mtu kustahimili jambo ambalo lingeweza kurekebishwa, bila kulirekebisha, ni kumhamishia mzigo usio wake. Mwajiri anayeahidi kwa mdomo na kukatisha kwa barua ya mistari miwili ana sehemu yake katika usiku wangu wa kukosa usingizi. Anayetangaza nafasi na kutojibu waombaji ana sehemu yake. Watafiti wa Kauai hawakusema kwamba umaskini na ulevi haviwadhuru watoto kwa kuwa theluthi moja walipona. Walisema vinawadhuru, na wakaeleza ni nini kilichowakinga waliokingwa. Ulinzi huo unatolewa na watu na taasisi. Kijana hawezi kujipatia ulinzi huo peke yake.

Utafiti huohuo una sehemu nyingine ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo ninayoipenda. Wale walioharibikiwa walipokuwa vijana, walioacha shule, walioingia kwenye makosa, wasichana waliopata mimba wakiwa bado wadogo, wengi wao walipofuatiliwa tena wakiwa na miaka 32, kisha 40, walikuwa wamesimama. Waligeuzwa na nafasi mpya: kurudi kusoma, kujifunza kazi, kupata mwenzi mtulivu, kujiunga na jumuiya ya waumini iliyowapokea. Kijana wa miaka 24 anayeamini kwamba maisha yake yameshaamuliwa anapaswa kuijua habari hiyo.

Mimi nilipata kazi hatimaye, si ile niliyoiota, lakini ina watu wema na mkataba wa maandishi. Wala sijamaliza. Mwaka jana, karibu na tarehe ya kifo cha baba, usingizi ulianza tena kukatika saa tisa. Safari hii nilizitambua dalili mapema, nikatoa daftari, nikampigia shangazi kabla hajanipigia, nikarudi kwa mshauri. Wiki chache nikawa sawa.

Mdogo wangu amemaliza masomo mwaka huu, na ameanza kutuma maombi. Hajajibiwa. Nampigia kila jioni, wakati uleule, na namuuliza amekula nini. Juzi aliniambia kwamba maswali yangu yanachosha, kisha akaniambia amekula nini.